Lenzi ya okazyo kwa kamera ya zamani: tazama mudomo mbele ya kutoa dola

Kijana mumoja wa Uvira alituandikia kwa simu ya radio. Ako na kamera ya marehemu baba yake, Zenit-E, ile ya chuma, nzito sawa nusu tofali. Anataka kupiga picha ya nyanya yake kwa kamera ile ile yenye ilipigaga picha ya ndoa ya wazazi wake. Aliandika hivi: "Yaya, lenzi imekufa. Nikitazama ndani naona giza tu. Kuko mutu ananiuzia lenzi ya Canon, milimita 50, kwa dola 50. Anasema lenzi zote za zamani zinaingiliana. Nitume makuta?"

Tulimujibu: usitume kwanza. Na kwa sababu si yeye peke yake ako na kamera ya mzee katika sanduku, tumeona ni vizuri kueleza jambo hili pole pole. Kamera hizi zimebaki katika nyumba nyingi za kwetu, kwa parokia, kwa watoto wa wapiga picha wa zamani. Kamera yenyewe mara nyingi bado inafanya kazi. Kitu chenye kinakula makuta ya watu ni lenzi, ile wapiga picha wa kwetu wanaita objektifu.

Jina si mudomo

Kamera yenye lenzi inatoka iko na mudomo, ni ile pete ya chuma ya mbele kwenye lenzi inafungiwa. Kila kiwanda kilikuwa na mudomo wake. Canon ya zamani iko na mudomo wake, Nikon wake, Minolta wake, Olympus wake. Lenzi ya Canon haifungi kwa Nikon, na hata Canon na Canon zinaweza kukataana, kwa sababu mwaka 1987 Canon ilibadilisha mudomo kabisa. Kwa hiyo mutu akikuambia "zote zinaingiliana," ujue hajui chenye anauza, ao anajua sana.

Zenit-E ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia mwaka 1965. Mudomo wake ni wa kuzungusha, sawa kifuniko cha chupa: kuko mistari ndani ya pete, na lenzi iko na mistari yake kwa nyuma. Upana ni milimita 42, kwa hiyo watu wa kazi wanaiita M42. Mudomo huu ulianza Ujerumani ya Mashariki, kwa kamera ya Contax S ya mwaka 1949, na kwa kuwa haukuwa wa kampuni moja peke yake, viwanda vingi viliufuata: Praktica za Dresden, Pentax za kwanza, Fujica, Chinon, Yashica kadhaa, Mamiya kadhaa. Hiyo ndio bahati kubwa ya mutu mwenye Zenit. Lenzi zenye zinaingia kwa kamera yake zilitengenezwa Urusi, Ujerumani na Japani kwa miaka zaidi ya 30, na nyingi bado ziko sokoni kwa bei ya chini.

Namna ya kutambua ni rahisi. Toa lenzi kwa kamera kwa kuzungusha upande wa kushoto. Kama inazunguka mara nyingi mbele ya kutoka, ni mistari. Kama inazunguka kidogo tu kisha inaruka, kuko meno matatu, na mara nyingi kuko kabatoni ka kufinya, ule ni mudomo wa kufunga, si wa mistari. Kisha chukua rula ya mwanafunzi na upime tundu la pete. Milimita 42, sawa.

Lakini kuko mutego. Zenit-E za kwanza kabisa zilikuwa na mistari ya milimita 39. Ukiweka lenzi ya 42 kwa pete ya 39, haiingii hata kidogo, na mutu wa nguvu anaweza kuharibu mistari. Tena mistari ya 39 iko pia kwa lenzi za FED na Zorki, kamera zingine za Urusi. Lenzi ya FED inaingia kwa Zenit ya 39 bila shida yoyote, unafurahi, kisha picha zote za mbali zinatoka na ukungu. Sababu tutaiona hapa chini.

Praktica nayo iko na siri yake. Zile za herufi L, sawa LTL ao MTL, ni M42. Zile za herufi B, sawa B200 ao BC1, ni za mudomo wa kufunga, na lenzi zake haziingii kwa kitu kingine. Pentax ni vile vile: Spotmatic ni M42, lakini mwaka 1975 Pentax iliacha mistari na kuleta mudomo wa K. Ile K1000 yenye wanafunzi wa picha dunia nzima walijifunzia, kuanzia mwaka 1976 mupaka 1997, ni ya mudomo wa K. Lenzi mbili zenye zimeandikwa Pentax zinaweza kuwa za midomo miwili. Na majina sawa Vivitar, Soligor, Sigma, Tamron hayakuambii kitu juu ya mudomo, kwa sababu kampuni hizo zilitengeneza lenzi ile ile kwa midomo ya kila mutu. Hapo usisome mbele ya lenzi, geuza na utazame nyuma.

Kwa nini pete ya kuunganisha haitoshi kila mara

Muchuuzi yule wa Uvira alikuwa na jibu lingine: "Nitakuongezea pete ya kuunganisha." Pete hizo ziko kweli. Lakini fikiri hivi. Lenzi haikai kwa kamera ovyo ovyo. Kati ya mudomo na filimu kuko umbali wenye kiwanda kilihesabia lenzi. Kwa M42 umbali huo ni milimita 45,46. Kwa Canon ya zamani, ile ya FD, ni milimita 42. Maana yake lenzi ya Canon inataka kuwa karibu na filimu kupita vile Zenit inaweza kuiruhusu. Ukiongeza pete katikati, unaisogeza mbali zaidi. Utapiga ua lenye liko karibu na pua yako, litakuwa wazi. Mutu mwenye anasimama kwa mulango wa kanisa hatakuwa wazi hata siku moja.

Kuko pete zenye kagilasi ndani, za kurekebisha umbali huo. Mimi sizipendi. Kagilasi kale ni ka bei ndogo, na unakaweka nyuma ya lenzi ya bei kubwa. Ni sawa kunywa maji safi kwa kikombe kichafu.

Ile lenzi ya FED yenye tulisema, umbali wake ni milimita 28,8 tu. Kwa Zenit iko mbali sana na filimu, ndio sababu haiwezi kuona mbali.

Sasa geuza jambo hilo upande wa pili. Mudomo wa K wa Pentax uko na umbali ule ule wa 45,46, lakini tundu lake ni pana kupita la M42. Kwa hiyo pete nyembamba inaweza kuingia ndani kabisa ya mudomo wa K, na lenzi ya Zenit inakaa kwa K1000 mahali pake sawasawa, inaona mpaka ng'ambo ya ziwa. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya K haiwezi kukaa kwa Zenit. Ukinunua pete ya M42 kwenda K, tazama kama iko na ukingo wenye unatoka inje. Zile za ukingo zinaongeza unene wa milimita moja ao zaidi, na kwa ile milimita moja unapoteza mbali. Pete nzuri inazama yote, hauioni tena.

Na kwa vijana wenye wako na kamera za kisasa za elektroniki: Canon za EF ziko na umbali wa milimita 44, na zile ndogo zenye hazina kioo ndani, sawa Sony za mudomo wa E, ziko na 18 tu. Kuko nafasi ya kutosha juu ya pete. Kwa hiyo lenzi ya M42 yenye unanunua leo kwa kamera ya mzee, kesho unaweza kuitumia kwa kamera ya kazi. Kwa Nikon za kioo ni vibaya, umbali wake ni 46,5.

Vyuma vya ndani: hapa ndipo yule kijana aliokoa dola zake

Ndani ya lenzi kuko vyuma vyembamba vyenye vinafungua na kufunga tundu la mwanga. Ni diafragma. Namba zake zimeandikwa kwa pete: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ndogo, tundu kubwa, mwanga mwingi. Namba 16, tundu sawa punje ya muchele.

Tulimuomba kijana atutumie picha ya lenzi yake. Ilikuwa Helios-44-2, milimita 58, lenzi yenye Warusi walitengeneza wakifuata Biotar ya Carl Zeiss Jena, na bado inapendwa na watu wa picha za sura. Lenzi hiyo iko na pete mbili za mwanga, na mutu mwenye hajaonyeshwa hawezi kukisia. Pete moja inachagua namba, unasikia inagonga-gonga. Pete ya pili inazunguka laini bila kugonga: upande mumoja inafungua tundu lote, upande mwingine inafunga mpaka kwa namba yenye ulichagua. Unafungua ili uone, unatafuta sura iwe wazi, unafunga kwa vidole bila kutoa jicho, kisha unapiga. Ndio kusema baba yake aliifunga kwa 16 siku ya mwisho na akaiweka katika sanduku. Lenzi haikukufa. Kijana alizungusha pete ya laini, giza likaisha. Alituma sauti ya WhatsApp ya kucheka tu, hakuna neno.

Kwa hiyo, mbele ya kununua lenzi ya pili, hakikisha ya kwanza imekufa kweli.

Ukiamua kununua, diafragma ni swali la pili nyuma ya mudomo. Lenzi nyingi za M42, zaidi za Japani na za Ujerumani, ziko na kachuma kadogo sawa pini nyuma. Kamera zenye ziko na kabamba ndani ya mudomo zinasukuma ile pini wakati unapiga, na tundu linajifunga lenyewe. Zenit-E haina kabamba hako. Zenit-TTL, 12 na 122 ziko nako. Ukiweka kwa Zenit-E lenzi yenye inategemea pini peke yake, tundu litabaki wazi kila siku, hata ukiweka namba 11 ao 16. Mwanga wa saa sita wa Bonde la Ruzizi utachoma filimu yako yote.

Dawa yake: tafuta lenzi yenye kabatoni ka A na M pembeni. Ukiweka M, tundu linafuata pete kwa mukono, na Zenit-E inafurahi. Ao tafuta zile za pete mbili sawa Helios-44-2. Ujihadhari na Pentacon 50 zingine za baadaye na Helios-44M za mwisho-mwisho, nyingi hazina kabatoni hako. Zinafaa kwa Praktica na kwa Zenit-TTL, si kwa E. Kuko watu wenye wanabandika pini na gundi ili ikae chini. Inafanya kazi, mimi singefanya kwa lenzi ya mutu mwingine.

Kwa mwenye K1000 swali ni lingine. Lenzi zote za mudomo wa K zenye ziko na pete ya namba zinakubali: zile zinaitwa K, M, A, na hata FA za kujilenga zenyewe, ila utalenga kwa mukono. Ikiwa kuko herufi A kwa pete, usiiache pale, zungusha kwa namba. Lakini lenzi za kisasa zenye hazina pete, zile za DA na FA J, hata kama zinafunga vizuri kwa mudomo, zitajifunga kwa tundu la mwisho la kidogo kabisa. Muuzaji anaweza kukuonyesha kwamba imeingia, na ni kweli imeingia. Picha zako zitatoka nyeusi.

Kipimo cha mwanga kisikuogopeshe. Kile cha Zenit-E kiko inje, juu ya lenzi, kinatumia seleniamu, hakitaki jiwe la betri, na hakijui hata lenzi gani imefungwa. Vingi vimechoka kwa uzee. Simu yako iko na programu za kupima mwanga, zinatosha.

Ugonjwa wa gilasi

Hapa nasema kwa uchungu kidogo. Lenzi ya pili katika maisha yangu ilikuwa Jupiter-37A, milimita 135, mudomo sawa, pete sawa, inje inangaa sawa mpya. Nilitoa dola 35 kwa muchuuzi mumoja wa mujini, usiku, chini ya taa ya neon ya butike. Asubuhi nikaishika mbele ya dirisha nikaona nyuzi nyembamba ndani, sawa utando wa buibui. Ni ukungu wa kuota, ule ule wenye unakula viatu vya ngozi katika sanduku wakati wa mvua. Kwetu, kati ya ziwa na milima, na mvua miezi mingi ya mwaka, ndio adui wa kwanza wa lenzi. Ukungu unakula rangi nyembamba ya zambarau yenye iko juu ya gilasi, na alama haitoki tena hata ukisafisha. Picha zangu za mpira zote zilikuwa sawa zimepigwa ndani ya moshi. Yule muchuuzi sikumuona tena.

Tangu siku ile nafanya hivi. Nafungua tundu lote, naweka tochi ya simu nyuma ya lenzi, si mbele, natazama kwa pembeni kidogo. Vumbi ni madoa-madoa, hata lenzi mpya ziko nalo, haidhuru. Nyuzi ni ukungu. Maziwa, ni kusema weupe wa sawasawa kwa gilasi yote, ni mafuta yenye yaligeuka mvuke ao gundi kati ya gilasi mbili yenye inaachana. Ukiona rangi za upinde wa mvua kwa ukingo, ni ile gundi. Mukwaruzo kwa gilasi ya mbele hauharibu sana. Mukwaruzo ule ule kwa gilasi ya nyuma utauona kwa kila picha.

Kisha natazama vyuma vya diafragma. Vikingaa kwa mafuta, kwa lenzi ya pete mbili si kitu kikubwa, kwa sababu unavifunga na vidole. Kwa lenzi ya pini ni kubaya sana: vyuma vinagandana na kuchelewa kufunga. Finya pini na kidole kisha uache, virudi haraka sawa jicho linapepesa. Vikirudi pole pole, hiyo si lenzi ya kununua, ni kazi ya fundi.

Zungusha pete ya kulenga mupaka mwisho kwa pande mbili. Lenzi za Urusi zilipakwa mafuta mazito, zingine zinakuwa ngumu sawa mulango wa kutu. Ngumu si kufa, kama haikwami. Ukisikia muchanga ndani, acha.

Kama lenzi iko mbali, kwa mutu wa Goma ao kwa ndugu mwenye ako Bruxelles na anaipata kwa soko la vitu vya okazyo pale Place du Jeu de Balle, omba video, si picha. Video ya nyuma ya lenzi na mudomo, video ya tochi ikipita ndani, video ya vyuma vikifunguka na kufunga. Mutu mwenye anakataa tochi amekwisha kujibu.

Ukiisha kuipata, usiweke filimu mara moja. Funga lenzi pole pole, mistari iingie bila nguvu. Ikikataa robo ya kwanza, rudisha nyuma, uanze tena. Weka pete ya kulenga kwa ile alama ya namba nane yenye imelala, maana yake mbali kabisa, kisha piga mara moja kamera ikiwa tupu. Lenzi zingine ziko na tako lenye linaingia ndani sana, na kioo cha kamera kikipanda kinaweza kuligonga. Ukisikia sauti isiyo ya kila siku, toa. Fungua mulango wa nyuma, weka B, finya na ushikilie, tazama kwa nyuma: tundu linafaa kubadilika ukizungusha namba.

Lenzi gani basi?

Nitasema yenye naamini: moja inatosha, mbili ni tajiri. Helios ya 58 yenye ilikuja na Zenit ni nzuri kwa sura ya mutu. Kama unapiga vikundi, kwaya, familia nzima ndani ya nyumba fupi, tafuta Mir-1 ya milimita 37. Zingine ziko na maandishi "Grand Prix Brussels 1958" kwa pete ya mbele, kwa sababu ilipata zawadi kwa maonyesho ya dunia ya Bruxelles mwaka ule. Ni maonyesho yale yale kwenye Wabelgiji waliweka Wakongomani ndani ya kijiji cha kuonyesha, watu wanawatazama ng'ambo ya uzio. Kila mara naishika lenzi ile nafikiri hivyo. Ni lenzi nzuri.

Kwa mpira ao misa kubwa, 135 inatosha. Takumar za Pentax, za 50 na 55, ni kati ya M42 zenye zilitengenezwa vizuri sana, na nyingi ziko na ile pini pamoja na kabatoni ka A na M. Ukikuta gilasi ya Takumar ya 50 ya tundu 1.4 iko ya manjano sawa chai, usishituke: ndani waliweka thoriamu, madini yenye kutoa mionzi kidogo. Kuipiga picha hakuna shida, lakini usiisage, usiivunje, usiitoe gilasi na kuichezesha watoto. Manjano yanapungua ukiiacha siku nyingi kwa mwanga wa dirisha. Si kwa jua kali lenye linaingia moja kwa moja: lenzi inakusanya jua na inaweza kuchoma meza.

Acha zile lenzi ndefu za kuvuta na kusukuma za namba 4.5 ao 5.6. Kidirisha cha Zenit ni giza tayari, na lenzi hizo zinakiongezea giza mpaka haujui unalenga nani. Acha pia ile tube ya kuzidisha mara mbili, inakula mwanga na inakula uwazi.

Kusoma jina la Kirusi si kazi: ГЕЛИОС ni Helios, ЮПИТЕР ni Jupiter, МИР ni Mir, ИНДУСТАР ni Industar. Tarakimu mbili za kwanza za namba ya lenzi mara nyingi ni mwaka wenye ilitoka kiwanda. Namba yenye inaanza na 83 ni ya mwaka 1983.

Kuitunza isiote tena

Usiiweke katika mufuko wa ngozi, mule ndimo ukungu unalala. Usiiweke ndani ya muchele, vile watu wanafanya kwa simu zenye zimeanguka ndani ya maji: muchele uko na unga, na unga unaingia kwa mistari. Chukua ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko chenye kinafunga kweli, ile ya rangi ao ya siagi, osha, kausha. Kusanya tule tupakiti twenye tunakuja ndani ya viatu na mikoba mipya, twenye tuandikwa usikule. Toa punje zake, uzikaushe kwa sufuria kavu kwa moto mudogo wa makala, zipoe kwanza, zifunge kwa kitambaa safi, na uweke chini ya ndoo. Nyuma ya mwezi moja ao mbili za mvua, rudia. Lenzi yenye iko na ukungu iwe na ndoo yake peke yake. Wengine wanasema ukungu hauambukizi kwa sababu mbegu zake ziko hewani popote. Ni kweli mbegu ziko popote, lakini ndoo ya pili haina bei kubwa.

Kwa kusafisha, pulizia vumbi kwanza, si kwa kinywa chenye mate, kwa kile kipira cha kupulizia masikio ya watoto, kiko kwa kila farmasi. Kisha kitambaa laini cha pamba chenye kimefuliwa mara nyingi. Alkooli ya farmasi usimwage juu ya lenzi, itafuta namba zenye zimepakwa rangi, na bila namba utapiga kwa kukisia.

Yule kijana wa Uvira hakununua ile Canon. Alinunua filimu mbili nyeusi na nyeupe, na dola zenye zilibaki anazitunza juu ya Mir. Nyanya yake, anasema, alikataa kupigwa mbele ya kubadilisha kitenge.